Zizi la Zurumati

Mtoto alikuwa amekataa majina ya marehemu wote wa upande wa baba yake. Aliyakatalia Kitale, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo, siku bibi yake Agneta alipokuja kutoka Kamukuywa na mkungu wa ndizi begani na wafu wake wote kichwani. Agneta alimwinamia mjukuu akaita, "Wabwile!" Mtoto akalia. "Wakoli!" Mtoto akalia zaidi. Akaita mpaka jina la mjomba mmoja mlevi ambaye, tuseme ukweli, hakuna mtu aliyetaka arudi, na mtoto, kwa akili zake nzuri, akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Huyu si wetu," Agneta alisema, akijifuta jasho. "Huyu ni wa kwenu huko mlimani, Jepkosgei. Mpereke kwa mama yako. Mimi nimewamariza wangu."

Siku nyingine Jepkosgei angecheka. Lakini mtoto alikuwa hanyonyi, na akinyonya ni kwa kuibia tu, kisha anaachia titi na kulia tena. Kliniki walimpima juu chini wakasema ni mzima. Mzima gani anayepungua kama kipande cha sabuni? Khisa, mume wake, ambaye maisha yake yote ni chanjo na dozi za ng'ombe, alishikilia kwamba jina halijawahi kumshibisha mtu. Alishikilia hivyo mpaka asubuhi alipomwogesha mwanawe mwenyewe na kuziona mbavu zake. Alitoka akawasha pikapu.

Ndivyo walivyofika kijiji cha Kwanza, kwa mama yake Jepkosgei, mchana mmoja wa mwezi wa saba, mwezi ambao baridi ya kule huingia mpaka kwenye meno. Agneta alikuja nao, maana hakuwa mtu wa kusimuliwa. Khisa aliachwa uani ndani ya pikapu kwa sababu shughuli ya jina ni ya wanawake, akainua kola ya koti na kukodolea macho mahindi yaliyoanza kutoa ndevu.

Kwa kina Jepkosgei jina halitafutwi kwa kilio. Mtoto hunusishwa ugoro, kiasi cha kushika kwenye ncha ya kidole, kisha mwanamke mzee wa ukoo huwaita marehemu mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake, na aliyekufa amerudi nyumbani. Kwa kina Agneta mtoto hunyamaza, kwa kina Jepkosgei hupiga chafya, lakini jambo ni lile lile: kuna mtu wenu amesimama mlangoni na hataingia mpaka mmtambue. Na sharti ni moja kotekote. Huitwa wafu tu. Kumwita mtoto kwa jina la mtu aliye hai ni kumchimbia mwenzako kaburi naye bado anakula.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Jina moja la ukoo ule hakuna aliyethubutu kuliweka upande wowote, wa walio hai wala wa wafu. Nalo lilitajwa kila siku, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya kusaga mahindi posho mili, kwa sababu mwenye nyumba ile, mama yake Jepkosgei, aliitwa Mama Kipkirui.

Kipkirui alikuwa kifungua mimba wake. Miaka ile ya vita vya mlimani, Jepkosgei akiwa darasa la tano, watu wenye bunduki waliingia mahali familia ilipokuwa imejificha, wakachagua wavulana kama mtu anavyochagua mbuzi mnadani, wakapotea nao msituni. Wavulana wengine walirudi, wengine walizikwa. Kipkirui hakurudi wala hakuzikwa. Familia ikashuka Kwanza, ikaanza maisha upya, na hayakuwekwa matanga. Waliojaribu kumshauri mama aweke matanga, apumzike, walirudi na swali moja: "Wewe umeiona maiti?" Hakuna aliyekuwa ameiona, basi walikunywa chai wakaenda zao.

"Hajafa," alikuwa akisema. "Amekawia tu."

Na mtu aliyekawia huwekewa. Kila mwezi wa saba Mama Kipkirui alifungua sanduku la bati, akatoa blanketi zito la kijivu la mwanawe, akalianika jua likitoka, akalikunja, akalirudisha. Na pale uani palikuwa na jogoo wa Kipkirui, wa kuchinjwa siku atakapoingia. Jogoo akizeeka aliuzwa, akawekwa mwingine. Walikuwa wamepita majogoo wengi.

Jepkosgei naye alikuwa na jina aliloliogopa, na hilo halikuwa la mtu.

Kule mlimani walikuwa wamejificha pangoni, juu sana, ambako asubuhi umande huganda na majani yakavunjika mkononi kama biskuti. Baba yao mdogo alikuwa ameshapotea. Ukiuliza yuko wapi, wakubwa walisema, "Nyamaza, kula." Kipkirui hakuwa mtu wa kunyamazishwa na kiazi. Kwa kuwa hakuna aliyempa jibu, alijitungia lake, akawa anampa dada yake kipande kipande chini ya blanketi lile la kijivu.

Alisema nyuma ya mlima kuna nchi nyingine, na nchi hiyo ina miungu yake. Mkubwa wao ni mungu wa vita na kipupwe. Walimtafutia jina lenye herufi ambayo hakuna mtu wa ukoo wao aliyekuwa nayo, asije akadhani anaitwa na mtu wa nyumbani. Wakamwita Zurumati. Mkono wake wa kulia ni wa vita, wa kushoto ni wa kipupwe. Kwanza hutumia wa kulia, na watu wakishaanguka hutumia wa kushoto, akamwaga theluji juu ya kila kitu, ili asubuhi anayetafuta asijue pa kuanzia kuchimba. Vita huchukua, Kipkirui alisema, lakini kipupwe ndicho kinachoficha.

"Kwa hivyo Baba mdogo amekufa?" Jepkosgei aliuliza.

"Nani amesema? Zurumati haui watu wote. Wengine anawaweka kwenye zizi lake. Wanasimama ndani ya barafu, macho wazi. Hawajafa na hawako hai. Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Kuitwa. Mtu wao mwenyewe aje mlangoni, aite jina. Akijibiwa, lazima aseme kwa sauti kwamba amejibiwa. Hiyo ndiyo sheria. Zurumati anajua watu. Anajua wengine watasikia jibu, waogope, wajifanye hawajasikia. Huyo mtu wake atabaki zizini milele, na theluji itamfuata huyo mwongo mpaka nyumbani kwake."

Halafu Kipkirui mwenyewe akachukuliwa, na tangu siku hiyo Jepkosgei hakuwa na shaka hata kidogo kuhusu mahali alipo. Aliona picha ya theluji katika kitabu cha jiografia, akakifunga. Alikua, akasoma, akaolewa, akajua vizuri kwamba Zurumati ni hadithi ya watoto wawili wenye njaa. Aliwahi kumsimulia Khisa, naye akacheka. "Mungu wa theluji, huku kwetu? Si angekufa njaa, bana." Jepkosgei alicheka pia. Lakini jina lile halikuwahi kumtoka mdomoni mahali penye baridi.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda, katikati ya sebule ya mama yake, mtoto kifuani. Bibi mzee wa ukoo, ambaye kila mtu alimwita Kogo, alichovya kidole kwenye kibweta cha ugoro akakisogeza kwenye pua ya mtoto. Akawaita wanaume wa ukoo, wa karibu na wa mbali. Akamwita babu wa babu. Akamwita hata Baba mdogo, ambaye yeye maiti yake iliokotwa, ikazikwa. Mtoto alilia kilio chembamba kisicho na nguvu, cha mtu aliyechoka kueleza jambo moja kwa watu wasioelewa. Hakupiga chafya hata moja.

Kogo akakiweka kibweta mapajani. "Limebaki moja," akasema.

"Halijabaki," Mama Kipkirui akajibu. Alikuwa amesimama dirishani, mgongo umenyooka.

"Rosaline," Kogo akamwita kwa jina lake la ubatizo.

"Nimesema halijabaki. Mtoto wangu hachimbiwi kaburi ndani ya nyumba yangu. Mwiteni tena yule babu."

Hakuna aliyemwita babu. Nje kulianza kuwa giza la mawingu, na upepo ukasukuma mlango. Jepkosgei aliutazama mkono wa mwanawe uliokuwa umelala kwenye blauzi yake. Siku za kwanza ulikuwa mkono wa kushika, unakamata kidole na kung'ang'ania. Sasa ulilala tu. Akajua kwamba kama itabidi achague kati ya tumaini la mama yake na pumzi ya mwanawe, ameshachagua.

"Mama," akasema. "Mtoto wangu anaisha."

Mama Kipkirui hakugeuka.

Agneta ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa kimya muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kimya, na hilo peke yake lingetosha kuwatia watu wasiwasi. "Mama Kipkirui, mimi ni mgeni hapa, na mgeni hapigi kerere. Lakini na mimi ni mama. Mwite. Si kama yuko hai, mtoto hatapiga chafya? Basi utakuwa umepata jibu, na sisi wote tutajua tunangoja mtu."

"Na akipiga?"

Mama Kipkirui akageuka hatimaye. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, akautazama ule mkono uliolala. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepanda ngazi mbovu. "Kama ni kumwita," akasema, "nitamwita mimi. Si mwingine. Na ni mara moja tu."

Kogo akachovya kidole tena, akakipitisha chini ya pua ya mtoto. Jepkosgei alimwinua mwanawe, uso wa mtoto ukalala shingoni mwake. Mama Kipkirui akaja akasimama mbele yao, akafumba macho, akavuta pumzi.

Hapo ndipo mawe ya mvua yalipoanza. Hayakuanza kwa tone wala kwa onyo. Yaliangukia mabati kwa mkupuo, kama gunia la kokoto lililomwagwa na mtu mwenye hasira, na nyumba nzima ikajaa mshindo. Upepo ukabamiza mlango ukafunguka. Kogo akainuka kwenda kuuzuia kwa mabega yake yote mawili. Kioo cha dirisha kikapasuka, Agneta akaruka kando akimtaja Yesu. Na katikati ya kelele hizo Jepkosgei aliona midomo ya mama yake, macho yake yakiwa bado yamefumbwa, ikitamka jina. Hakulisikia. Aliliona.

Mwili mdogo shingoni mwake ukajikunja. Ukatetemeka, ukaruka, na kitu cha uvuguvugu kikamrukia Jepkosgei chini ya sikio.

Mtoto alikuwa amepiga chafya.

Mawe yaliendelea kwa muda, kisha yakapungua, kisha yakakoma yote kwa pamoja. Palisikika maji yakichuruzika kutoka kwenye mabati. Mama Kipkirui akafumbua macho. Mtoto alikuwa amelipata titi mwenyewe na alikuwa ananyonya, kwa nguvu, kwa pupa, akiguna.

"Amenyamaza," Agneta akanong'ona. "Oneni. Kwetu akinyamaza hivi, amekubari."

"Huku si kwenu," Mama Kipkirui akasema haraka. "Huku ni chafya. Na hakupiga. Kogo, umemsikia akipiga?"

Kogo alikuwa bado ameushika mlango. "Mimi nilikuwa nashindana na upepo. Sikusikia kitu."

"Agneta?"

"Kwa kerere ire? Ningesikia nini?"

"Hakupiga," Mama Kipkirui akasema, na kitu usoni mwake kikaanza kufunguka, polepole, kitu ambacho Jepkosgei hakuwa amekiona tangu utotoni. "Nimemwita kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakupiga. Yuko hai! Nyinyi mlinicheka, mlisema nina wazimu. Si mmeona sasa? Yuko hai!" Akacheka, akampokonya Kogo mlango, akaufungua wote.

Uani kulikuwa kweupe. Mawe yalikuwa yamefunika ardhi, yamefunika boneti ya pikapu, yamejaa kwenye karai na juu ya banda la kuku. Mahindi yalilala yamechanika, na mvuke wa baridi ulipanda kutoka kwenye ule weupe ukaingia mlangoni, ukamfikia Jepkosgei miguuni. Alikuwa ameishi maisha yake yote akingoja kuuona weupe huo, na sasa ulikuwa umekuja mpaka kizingitini kwa mama yake.

"Khisa!" Mama Kipkirui alikuwa anaita, akikanyaga barafu na kandambili. "Khisa, mtazame yule jogoo kama amepona! Mwenyewe yuko njiani!" Kisha akasita, kama aliyekumbuka kufunga mlango wa nyuma, akageuka. "Jepkosgei. Wewe ndiye uliyemshika. Hakupiga, sivyo?"

Unyevu ulikuwa bado shingoni mwa Jepkosgei, umeanza kupoa.

Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu, na hata neno halikuhitajika, kutikisa kichwa kungetosha. Mtoto ananyonya, amepona. Wangemwita jina lolote kanisani. Mama yake angeendelea kuanika blanketi kila mwaka, akifuga majogoo, na siku ya kufa kwake angekufa akiutazama mlango. Nani angeumia? Alimtazama mama yake akisimama kwenye weupe ule na furaha yake, akampenda hivi kwamba kifua kilimuuma, na jibu la uongo lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Kisha akamwona Kipkirui. Si mzimu, alimwona tu jinsi mtu anavyomwona mtu wake. Amesimama zizini, macho wazi, kijana vilevile, naye ameitwa, baada ya miaka yote hiyo ameitwa na mama yake mzazi, na amejibu. Amejibu kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ndani ya mwili mdogo kiasi kile. Na sasa anangoja dada yake aseme kwamba amemsikia.

"Amepiga, Mama," akasema.

"Umesema nini?"

"Amepiga chafya. Ulipomwita. Nyinyi hamkusikia kwa sababu ya mawe, lakini mimi nilimshika." Akaugusa ule unyevu shingoni. "Ni yeye, Mama. Ni Kipkirui."

Mama Kipkirui alibaki pale alipo. Furaha haikumtoka mara moja. Ilichukua muda, kama maji yanayotafuta njia kwenye udongo mkavu. Midomo yake ilijaribu lile swali la siku zote, wewe umeiona maiti, na swali halikutoka. Khisa, aliyekuwa ameshuka kwenye pikapu na hakuelewa kitu, alinyoosha mkono kumshika, Mama Kipkirui akausukuma kando.

Akaingia ndani. Barafu ilikuwa imemshika kwenye vidole vya miguu, naye hakuiona. Alimfikia Jepkosgei, akapiga magoti mbele ya kile kigoda, magoti yakalia. Kwa kidole gumba akaifuta pua ya mtoto, akakitazama kile kidole, kilikuwa na unyevu wenye chembe za ugoro. Mtoto akaachia titi akamtazama.

"Umekawia," akamwambia. Kisha, kwa sauti ya mtu anayemuuliza mwanawe swali la kweli na kungoja jibu la kweli, akauliza: "Ulikaa kwenye baridi hiyo siku zote hizo, baba? Peke yako?"

Akalia. Alilia kilio alichokuwa amekiweka pamoja na lile blanketi, kwa sauti ambayo majirani waliisikia wakajua, wakaanza kuja mmoja mmoja, wakikanyaga mawe ya barafu. Agneta alimkumbatia kutoka nyuma. Kogo aliacha mlango wazi ili watu waingie.

Alipotulia kidogo, Mama Kipkirui alijifuta kwa leso, akaenda kwenye sanduku la bati. Akalitoa blanketi la kijivu. Lilikuwa blanketi la mtu mzima, basi alilikunja mara mbili, akalikunja tena, akamfunika mtoto mpaka kidevuni. Kisha akamwita Khisa dirishani na kumwambia amkamate yule jogoo.